Karavani Nyuma ya Chumba Kipya

Jocelyne alipima tena, ingawa jibu alilijua. Alibana ncha ya futi yake ya ushonaji kwenye ukuta wa jirani, akaivuta hadi kona ya chumba kipya. Mita moja na nusu. Akarudi nyuma ya ua akaipima karavani ubavu kwa ubavu. Mita mbili na ushee. Nguo ikibana unafumua mshono, unaachia nafasi. Ukuta wa matofali aliusukuma kwa kiganja, kama mjinga, akaona vumbi la saruji limemshika mkononi.

Mumewe, Damien, alikuwa amepiga magoti kando ya karavani, kinyago cha kuchomelea amekipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa anaongeza nondo kwenye dirisha la jikoni, dirisha ambalo hata paka angeingia kwa taabu.

"Imepanuka tangu asubuhi?" akauliza bila kugeuka.

"Usinifanyie mzaha, Damien. Leo ni Ijumaa."

"Najua ni Ijumaa."

"Jumatatu wanaanza kuvuna."

"Hilo nalo najua, Mama Arlène. Sauti." Akakionyesha kile chumba kipya kwa kidevu. "Watu wana masikio."

Karavani ile waliinunua kwa mzee mmoja wa Boksburg aliyekuwa amechoka kuivuta kwenda baharini kila Desemba. Ilifika kwao Bertrams, mtaa wa Johannesburg, ikiwa na harufu ya panya na mchanga wa pwani kwenye mazulia. Wakaing'oa mazulia. Wakaweka kitanda cha kukunja, jiko la gesi, cherehani mbili zilizofungwa kwa boliti juu ya meza, overloki ya kushonea kingo, kabati la nyuzi, na nyuma kabisa sanduku la chuma la mashine ya Damien ya kuchomelea. Juu ya paa walifunga paneli za sola. Arlène, binti yao wa miaka kumi na miwili, alipewa kitanda cha juu chenye pazia lake. Familia nzima pamoja na kazi yake vilikuwa juu ya magurudumu, na magurudumu hayakuwa na pa kupita.

Mpango ulikuwa wa Jocelyne. Alikuwa na kibanda cha ushonaji mjini mpaka siku kundi la watu lilipopita na filimbi na fimbo, likitaka wageni wafunge. Alifunga, akafungua tena. Walipopita mara nyingine mwenye jengo alimwambia samahani, mama, mimi nina madirisha ya vioo. Mwaka huohuo alikuwa amekwenda Limpopo na furushi la maovaroli ya wafanyakazi wa mashamba ya machungwa, kazi aliyopewa na rafiki, akaona jambo ambalo halikumtoka tena kichwani: watu mia na zaidi wanaopanda miti yenye miiba kutwa nzima, na hakuna fundi hata mmoja karibu wa kushona kilichopasuka. Mageti nayo yalikuwa yamefungwa kwa waya, yakisubiri mchomeleaji. Mama msimamizi wa ghala la kupakia machungwa alimwambia waziwazi, "Atakayefika wa kwanza na mashine nitampa plagi na kivuli. Atakayefika wa pili nitampa pole."

Msimu ulikuwa unafunguliwa Jumatatu. Kulikuwa na fundi mwingine, Mzimbabwe, aliyekuwa ameshaulizia ile plagi.

Sasa, Damien ni mtu wa Uvira, Kongo, na kwao mtu hatangazi safari. Jumanne unaonekana sokoni ukibishana bei ya ndagala. Jumatano majirani wanasikia umeshavuka, uko Bujumbura. Hakuna kuaga. Shukrani zinatolewa kanisani baada ya kufika, mchungaji anasoma jina lako na wewe uko mbali na macho ya watu. Sababu nyingine ni za kiroho, na hizo Damien alizitaja kwa sauti ya chini. Nyingine ni za kawaida: mwizi akijua unahama, anajua pia kwamba vitu vyako vimeshapangwa kwenye mifuko. Jocelyne ni mzaliwa wa Lubumbashi, amesomea ushonaji chuoni mpaka akachukua diploma. Zile za kiroho hakuziamini. Zile za mwizi zilimwingia. Akakubali.

Wakamwambia kila mtu kwamba karavani ni atelier, karakana ya mama, kwa kuwa chumba chao ni kidogo. Hata mwenye nyumba walimwambia hivyo, tena yeye hasa, maana mwenye nyumba akisikia unaondoka huanza kuonyesha watu chumba chako wewe ukiwa bado kitandani.

Mwenye nyumba alikuwa Mzee Naseeb, mtu wa Tanga, aliyekaa Johannesburg kiasi cha kusahau kurudi. Yeye mwenyewe aliishi Bezuidenhout Valley na alikuja Bertrams Jumamosi tu. Kama wenye nyumba wote wa mtaa ule, hakuweza kuona nafasi tupu uani bila kuona chumba. Kabla ya Pasaka mafundi wake walimwaga mchanga na matofali kwenye njia ya gari, karibu na geti. Jocelyne alimtuma Damien akaulize. Damien alirudi akasema ni banda la mapipa ya taka, litaishia kiunoni. Wiki hiyo Jocelyne alikuwa na sare za kwaya ya Pasaka, amezama kwenye kola na vifungo. Alipoinua kichwa, banda la mapipa lilikuwa na mlango, dirisha na paa la bati. Baada ya siku chache likawa na mpangaji.

"Mwambie Naseeb ukweli," alimwambia mumewe wakati ule.

"Bado," Damien alijibu. "Tuombe kwanza. Mpangaji mwenyewe huenda asikae."

Mpangaji akakaa. Wiki zikapita. Kila asubuhi Jocelyne alifungua mlango wa chumba chao akaona karavani nyeupe imebanwa kati ya kuta, na yeye mwenyewe akahisi amebanwa kwenye mbavu, kama mtu aliyevaa gauni alilopimiwa mwenzake. Alishona ndani ya karavani ili uongo wao uonekane kweli. Wateja walikuja mpaka pale, wakaisifu atelier. Mmoja alimwambia, "Hapa umefika, mama." Akainamia cherehani.

Na sasa ilikuwa Ijumaa. Alikunja futi yake akaiweka mfukoni.

"Kesho Naseeb akija nitamwambia mimi," alisema.

Damien alishusha kinyago usoni. "Safari ikishasemwa inaharibika."

"Na hii yetu ambayo haijasemwa, unaionaje afya yake?"

Cheche zikaruka.

Mzee Naseeb alifika Jumamosi mchana akiwa na mfuko wa chipsi mkononi na kofia yake ya viua. Siku hiyo kulikuwa na mechi Ellis Park. Magari yalikuwa yameegeshwa mpaka juu ya vijia vya watu, na kelele za uwanjani zilipita juu ya mapaa kama upepo unaobadili nia.

"Mzee Naseeb, nina jambo. Naomba unisikilize mpaka mwisho."

"Bomba limepasuka tena?"

"Karavani si atelier. Ni nyumba. Tunahama nayo, tunakwenda kufanya kazi Limpopo. Kesho."

Naseeb aliitazama karavani, akakitazama chumba, akatia kipande cha chipsi mdomoni. "Kesho? Itapaa?"

"Ndiyo nimekuja kuongea na wewe."

"Shemeji, subiri." Akafuta vidole. "Mimi ni mtu mzima. Siwezi kujenga chumba mbele ya gari la mtu hivihivi. Nilimuuliza mumeo. Alikuwa amesimama hapo ulipo wewe. Nikamwambia, Damien, hiki kidude chako siku moja si kitataka kutoka? Akaniambia, Mzee, kimeshafika, wewe jenga. Tena akanishikia kamba kunyoosha msingi."

"Akakushikia kamba?"

"Vizuri sana. Ana jicho la mstari yule."

Sindano ya cherehani ikipita kwenye kidole, mwanzoni husikii maumivu. Unaona tu kwamba kidole na kitambaa vimekuwa kitu kimoja. Jocelyne alisimama hivyo. Kisha, kwa kuwa alikuwa na mambo mawili ya kumaliza, akaanza na lile la matofali. Matofali yangejibu upesi kuliko mume.

"Sikiliza. Chumba chetu ni kikubwa kuliko hiki, kina dirisha la barabarani. Mpangaji wako ahamie kwetu kwa kodi yake ileile. Sisi tunatoa bati na kuvunja ukuta huu wa njiani, tunapita, unaujenga tena Jumatatu. Hutakosa mtu hata siku moja."

"Na saruji?"

"Amana yetu inabaki kwako."

Naseeb alitafuna akifikiri. "Tofali hata moja lisipasuke. Yapangwe pembeni, yasafishwe. Na yule binti akubali mwenyewe. Mimi simtoi mtu chumbani na mtoto mgongoni, nitakwenda kuulizwa."

Binti mwenyewe alikuwa Concilie, Mrundi aliyeuza maparachichi karibu na kituo cha teksi. Alifungua mlango na mtoto mgongoni kweli, mwiko mkononi.

"Concilie, mdogo wangu, nina shida. Ile karavani pale..."

"Inakwenda kwenye machungwa," alisema Concilie. "Najua."

"Unajua nini? Kakuambia nani?"

"Nyumba nzima inajua, Mama Arlène. Mtoto wako aliwaambia wale watoto wa duka la spaza, nao wakawaambia mama zao. Hata fundi viatu wa Troyeville aliniuliza mnaondoka lini."

Jocelyne aligeuka. Arlène alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wao, akila chipsi za Naseeb alizopewa sijui saa ngapi.

"Eish, Mama, usiniangalie hivyo. Baba alisema nisiwaambie Wakongo."

"Na Warundi?"

"Hakuwataja."

Concilie akacheka mpaka mtoto akaamka. Jocelyne hakuweza kucheka. "Sasa wewe ulijua, na ukaingia kwenye chumba kinachotuziba?"

"Nilidhani mmeacha. Mtu anaona tofali linapanda mbele ya gari lake, tofali la pili, la tatu, yeye kimya tu. Ningefikiri nini? Nikasema hawa wamejizika wenyewe, basi wamependa." Akaangalia ndani ya chumba chake, kitanda na ndoo na vyungu viwili. "Dirisha lenu linafunguka?"

"Linafunguka."

"Hili halifunguki. Nahamia kwenu leoleo."

Hivyo jambo la kwanza liliisha kwa muda mfupi kuliko kushona zipu. Lilikuwa limewala wiki zote zile, na dawa yake ilikuwa kufungua mdomo. Jocelyne alipita uani polepole kwenda kwenye la pili.

Damien alikuwa ndani ya karavani, amelala chali chini ya meza ya cherehani, anakaza boliti ambayo haikuwa imelegea. Miguu yake tu ndiyo ilionekana.

"Toka huko."

"Namalizia."

"Toka, Damien, au nitaongea na miguu yako."

Akatoka, akakaa sakafuni, spana mkononi. Jocelyne alikaa kwenye kiti cha cherehani. Ndani ya karavani watu wawili hawawezi kugombana kwa mbali. Magoti yao yaligusana.

"Ulimwambia Naseeb ajenge."

Uwanjani watu walinguruma kwa pamoja, kisha wakanyamaza kwa pamoja.

"Nilimwambia."

"Ukamshikia kamba."

"Nikamshikia."

"Halafu ukaniambia mapipa ya taka. Na mimi nikakaa hapa siku zote hizi nikipima, nikipima, kama kichaa. Tena ukaniambia tuombe! Tulikuwa tunaomba nini, Damien? Wewe ulikuwa unamwomba Mungu nini?"

"Unataka kujua kwa nini, au unataka kupiga kelele kwanza?"

"Nimeshapiga. Kwa nini?"

Damien aligeuza spana mkononi. "Unaijua hadithi yangu ya sufuria."

Nani hakuijua? Mei ya mwaka 2008, wageni walipoanza kupigwa mtaani Alexandra, Damien alikimbia na sufuria ya maharagwe ya moto kichwani, akaruka mtaro nayo, akapita mbele ya polisi nayo, akafika kituoni na maharagwe yote. Kwenye harusi watu walimwomba aisimulie. Aliigiza, akichuchumaa na kuruka, na wanawake walifuta machozi kwa kucheka. Jocelyne mwenyewe alimpendea hadithi hiyo.

"Kabla ya sufuria," alisema Damien, "nilikuwa ndani na binamu yangu, Pitchou. Kibanda cha bati. Tuliwasikia wanakuja, tukaweka migongo kwenye mlango, mimi huku, yeye kule, miguu kwenye kitanda. Wakapiga mlango. Ukashika. Wakapiga tena, ukashika. Pitchou akanikonyeza, kama tumeshinda. Halafu wakaunyanyua ukuta wa nyuma. Hawakuuvunja, Jocelyne. Waliunyanyua tu, kama wewe unavyonyanyua shuka. Tukajikuta tuko nje, wote wanatuona, migongo yetu bado kwenye mlango." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Wengine wao walicheka. Hata mimi ningecheka."

"Na Pitchou?"

"Mkono wake haukufanya kazi tena. Alirudi Uvira. Hanipigii simu. Mimi nilibeba kitu kilichokuwa karibu, kilikuwa sufuria. Baadaye tulilala kwenye mahema, baridi yote ile, watu wakikohoa. Nikasema sitalala tena kwenye kitu ambacho mtu anaweza kukinyanyua." Aligonga ukuta wa karavani kwa spana, taratibu. Ukalia kama debe. "Unasikia? Bati na sponji. Naweka nondo dirishani, naweka nondo mlangoni, lakini ukuta wenyewe ndio huu. Nilipoona matofali ya Naseeb nilifurahi. Nilisema, sasa si mimi niliyekataa."

Hasira ya Jocelyne haikuondoka, ila ilikosa pa kukaa. Alitazama nondo za dirishani, moja baada ya nyingine, jinsi zilivyochomelewa vizuri, na jinsi alivyomgombeza kwamba zinaongeza uzito.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungesemaje?"

Alifikiri kwa haki. "Ningesema ni mambo ya zamani."

"Voilà, umeona."

"Lakini na hapa, Damien? Wale wa filimbi walipopita barabara hii mwezi uliopita, wewe ulilala?"

"Sikulala."

"Basi matofali yanakusaidia nini?"

"Yananisaidia kujua watapitia mlango gani."

Mwanamke mwingine angemshika mkono. Jocelyne alikuwa na mikono, lakini mdomo wake ulitangulia siku zote.

"Kesho ukuta unavunjwa," alisema. "Concilie anahamia kwetu leo, nimeshakubaliana naye. Mimi na mtoto tunakwenda, kwa sababu mjini sina kibanda, na hapa nikikaa nitakufa nikishona viraka vya majirani. Wewe uamue utalala wapi."

Alipokwisha kusema ndipo alipoona alichofanya. Chumba amekitoa, karavani anaondoka nayo. Amemfungia mumewe mbele na nyuma. Aliliona hilo usoni mwa Damien, sura ya mtu aliyesikia kitu nyuma ya mgongo wake. Na bado hakulirudisha neno. Alisimama, akatoka, akaenda kumsaidia Concilie kubeba kitanda.

Jumapili hawakwenda kanisani, na kwa kutokwenda kanisani waliaga mtaa mzima. Jocelyne alipoamka Damien hakuwa kwenye karavani. Usiku alikuwa amelala kwenye kiti uani, amejifunika koti. Sasa alikuwa ameshaondoa bati za chumba kile. Akaingia kwenye ukuta, akianza na mstari wa juu, akigonga saruji kwa patasi, taratibu, akilitoa tofali zima, akilikwangua, akilipanga ukutani kwa jirani. Hakumpa mtu mwingine patasi. Jirani mmoja alileta nyundo kubwa ya kumaliza kazi kwa dakika kumi. Damien alimwambia asante, akaiweka chini. Jocelyne alimpelekea chai na mkate. Alivipokea.

Thierry, Mkongo wa Troyeville aliyesafirishia watu mizigo, alifika na pikapu yake ya milango minne ukuta ukiwa umebaki magotini.

"Papa Damien!" alipiga kelele kutoka dirishani. "Mbona unabomoa kama unashona? Mnaniweka hapa mpaka machungwa yawe sharubati?"

"Wewe rudisha gari nyuma, usigonge geti."

"Geti hili? Hata likigongwa litanishukuru."

Karavani ilitoka saa ambayo watu walikuwa wanarudi kutoka ibadani na nguo zao nzuri, kwa hiyo ilitoka mbele ya macho ya kila mtu ambaye Damien hakutaka ajue. Ilipita kati ya ukuta wa jirani na mabaki ya chumba ikiwa na nafasi ya kiganja kila upande. Jocelyne alitembea mbele akionyesha kwa mikono, kushoto, kulia, pole, simama. Damien alitembea nyuma, akiisukuma pamoja na majirani. Watu walipiga makofi. Concilie aliwapungia kutoka dirisha lililofunguka.

Barabarani Damien aliifunga karavani kwenye pikapu yeye mwenyewe. Alikaza mnyororo, akaunganisha waya za taa, akazunguka nyuma kuona kama zinawaka, akapiga tairi teke. Arlène aliingia kwenye kiti cha nyuma na simu yake. Jocelyne akaingia naye. Thierry akawasha injini. Damien alibaki amesimama kwenye kijia, mikono imejaa vumbi la saruji, begi lake la nguo likiwa chini karibu na mguu. Begi alikuwa ameliandaa; hilo Jocelyne aliliona. Lakini mguu hakuunyanyua.

"Baba haji?" aliuliza Arlène.

"Nyamaza kidogo."

"Nauliza tu. Kama haji nihamie mbele."

Jocelyne alishusha kioo. Alijua maneno mengi ambayo mke angesema hapo, maneno ya kanisani na maneno ya kitandani, na hakuna hata moja lililokuwa la kwake. Nyuma ya Damien watu walikuwa wanatazama, nusu wakitabasamu, kama wanaosubiri hadithi ya sufuria.

"Damien."

"Nipo."

"Panda mpaka kwenye taa za robot pale chini. Pale ukitaka kushuka, utashuka. Sitakushika."

"Halafu nikishuka?"

"Utarudi kwa miguu. Si mbali."

Alifikiri juu ya hilo kwa uzito, kama mtu anayepimiwa njia. Kisha akainama, akachukua begi, akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya Thierry. Begi aliliweka mapajani. Mkono wa kushoto ulibaki kwenye kitasa.

Waliteremka polepole. Karavani ilitikisika nyuma yao, vyombo vikagongana ndani. Kwenye robot taa ilikuwa nyekundu. Thierry alisimama, akapiga vidole kwenye usukani, akamtazama abiria wake kwa pembe ya jicho.

"Papa, unashuka?"

Taa ikawa ya kijani. Teksi ya nyuma ikapiga honi.

"Endesha," alisema Damien. "Unaziba njia ya watu."

Thierry akaendesha. Mkono haukutoka kwenye kitasa. Robot ya pili ilikuwa nyekundu pia. Wakasimama, wakangoja. Ya tatu walipita bila kusimama. Jocelyne, kutoka nyuma, aliutazama ule mkono. Mishipa ilikuwa imesimama, kucha nyeupe kwa saruji na kwa kubana. Aliona kwamba ndivyo watakavyoishi sasa, yeye akitazama mkono huo kila mahali watakapoegesha, kila shamba, kila usiku bati likilia kwa baridi. Kutoka kwenye ua ule alikuwa ametoka. Kwenye hili ndiyo kwanza alikuwa anaingia.

"Baba anashukia wapi sasa?" Arlène akauliza kwa mnong'ono ambao gari lote lilisikia.

"Robot ya mbele," alisema Jocelyne.

"Mbele hakuna robot, Mama. Mbele ni barabara kuu."

Thierry aliwasha taa ya kuonyesha kona. Damien aliuvuta mlango kwake kwa kitasa, akausikia umefungwa vizuri, na pikapu ikaanza kupanda kuingia barabara kuu, karavani ikifuata nyuma, nzito kwa nondo.